Shavu la Kushoto la Sellah

Jumatatu, 6 Agosti 1951. Kitale.

Nimepata akili! Mimi Jairus, karani wa maziwa kwenye shamba la Mzungu, mtu wa kalamu, nimekaa karibu na mali muda wote huu bila kuiona. Ni yale mafuta ya kupaka viwele vya ng'ombe. Leo nimeitazama mikono ya Kibiwott, mkamuaji. Laini kama ya mtoto mchanga! Nikamwuliza anapaka nini. Akasema ati hapaki kitu, ni yale yanayombakia vidoleni akimaliza ng'ombe. Nikasoma kopo. Mafuta ya mgando na mafuta ya sufu ya kondoo. Basi!

Sellah, dada yangu anayenifuata, ana chunusi shavu la kushoto. Tarehe 25 wazee wa Zachary, karani wa stesheni ya Bungoma, wanakuja kwetu Misikhu kupatana mahari. Ng'ombe wa Sellah ndio nitakaomwolea Rispah. Ndivyo ilivyo kwetu: dada anawaingiza, kaka anawatoa. Baba alikufa akaacha zizi tupu. Na Wepukhulu fundi cherehani anamzunguka Rispah kama nzi, tena ng'ombe anao tayari, na suruali zake zimenyooka.

Kila chunusi ya Sellah ni adui yangu. Nimechota mafuta kidogo. Si wizi. Ng'ombe hawakulalamika.

Alhamisi, 9 Agosti. Bungoma.

Nimeomba ruhusa, nikasema Mama yu mahututi. (Mama ni mzima kama jembe.) Nikaenda duka la Om Prakash. Bwana hakuwepo. Mkewe, Lajwanti, ambaye sote tunamwita Mama Bimla, ndiye anayejua mambo ya ngozi.

Maneno mengi! Ati mafuta ya mgando hayalishi ngozi. Yanaifunika tu, maji yake yasitoke, kama kifuniko cha sufuria. Ya sufu hulainisha. Gliserini huvuta maji, lakini ukiipaka tupu siku ya upepo itayavuta kutoka kwenye ngozi yako mwenyewe, kwa hiyo lazima uichanganye na maji. Unga wa zinki hutuliza mwasho. Salfa hukausha chunusi. Limau usipake halafu utoke juani.

Nikamwuliza ni ipi inayofanya kazi upesi. Akacheka. Akasema ngozi haina haraka na mtu, nimpe salfa kidogo kidogo na nisubiri majuma kadhaa. Majuma! Mimi nina wazee njiani!

Halafu akaharibu kabisa. Akasema mafuta ya uso si uchafu, ngozi inajilinda nayo, mtu asiyasugue yote yakaisha. Hapo nikajua huyu mama hajui kitu. Chunusi ni mafuta yaliyoganda. Nani asiyejua? Nimenunua salfa na gliserini kwa heshima tu.

Ijumaa, 10 Agosti. Kitale.

Nimeona! Nilikuwa nimesimama pale wanapoosha makopo ya maziwa. Kopo linaingia na utando wa mafuta, linatoka linang'aa, unaweza kunyolea ndevu ndani yake. Ni nini kinachokula yale mafuta? Magadi makali! Kopo ni chuma, yanalisafisha. Shavu je?

Kibiwott huyakoroga kwa kijiti, hataki hata tone limguse. Mwoga. Aliponiona nachota kijiko akaniuliza ya nini. Nikamwambia ni mambo ya ofisi.

Nimechanganya: mafuta ya viwele, salfa, gliserini, magadi. Kopo likapata joto lenyewe mkononi. Dalili ya nguvu! Nimeyapa jina, Mafuta ya Karani. Nilitaka kuyajaribu mkononi kwanza, lakini mkono huu ndio ninaoandikia.

Jumapili, 12 Agosti. Misikhu.

Baada ya kanisa nilimkalisha Sellah kwenye benchi nje ya jikoni. Akaniuliza kama nimeyajaribu kwa mtu. Nikasema mabibi wa Kizungu Kitale nzima wanapaka. Akacheka, akasema Zachary hajawahi hata kuzitaja hizo chunusi. Lakini akakaa. Ni mimi niliyemfundisha kusoma, hajawahi kunikatalia neno. Akafumba macho, akanigeuzia shavu.

Akasema yanauma. Nikasema ndiyo kazi yenyewe, dawa isiyouma ni marashi. Akasema yanachoma. Nikasema vumilia. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, machozi yakimtoka chini ya kope, akavumilia kwa sababu nilimwambia. Halafu akapiga ukelele ambao sijausikia tangu Baba afe.

Mama akaja mbio na ndoo. Maji yakatelemka na ngozi. Sikuangalia. Nilikuwa natafuta kifuniko cha kopo.

Nikampeleka kwa baiskeli hospitali ya misheni, Lugulu. Muuguzi akauliza alipaka nini. Nikasema sabuni. Akauliza tena, akasema lazima ajue ili amsaidie. Nikasema sabuni, labda ilikuwa mbaya. Sellah, kwa mdomo usiofunguka vizuri, akasema ni magadi ya makopo. Wakamwagia maji na kumwagia na kumwagia. Muuguzi akanitazama. Ule mtazamo sikuupenda hata kidogo.

Jumamosi, 18 Agosti. Misikhu.

Sellah amerudi nyumbani. Jicho limesalimika, Mungu ni mkubwa. Shavu limekuwa la waridi na limekunjamana. Na unajua wamempa nini? Mafuta ya mgando na kitambaa safi, na wamemkataza jua! Mafuta ya mgando! Hayo yalikuwa kwenye kopo langu tangu mwanzo. Nikamwomba Mama akubali kwamba nusu ya dawa yangu ilikuwa sawa. Mama akaondoka, akaenda kuteka maji.

Sellah ameniomba kitu kimoja tu. Zachary alikuja kumwona, akamwambia yeye bado anamtaka, lakini wazee wake wamesikia habari za shavu na wanaogopa ni ugonjwa wa ngozi ulio katika nyumba yetu, utarithiwa na watoto. Kuungua hakurithiwi. Kwa hiyo niwaambie ni magadi, na ni mimi. Mimi ndiye msemaji wa nyumba tangu Baba afe, wataniuliza mimi. Akasema hatadai kitu kingine maisha yake yote.

Nikaahidi. Wakati naahidi nilimaanisha kabisa.

Jumamosi, 25 Agosti. Misikhu.

Wamekuja, Zachary pamoja nao. Na wamekuja na nani? Wepukhulu! Kumbe ni mpwa wa mzee wao. Amekaa karibu na mlango, suruali imenyooka, masikio wazi. Nikajua nikitamka neno magadi, jioni Rispah atakuwa nalo.

Mzee akauliza kwa upole, hilo shavu la binti lilipatwa na nini.

Nikasema ni jua.

Wakatazamana. Mzee akauliza kama jua la Misikhu huchagua shavu. Nikasema mwezi huu limekuwa kali sana upande wa kushoto.

Sellah alikuwa mlangoni na sinia la chai. Binti haongei mbele ya wazee waliokuja kwa ajili yake, anajua hilo. Akaliweka sinia chini, akasema, "Jairus, si uwaambie."

Zachary akaniangalia kama mtu anayezama. Wepukhulu akasogea mbele.

Nikasema nimeshawaambia. Jua.

Wakanywa chai yote, wakashukuru, wakaenda. Mama akawakimbilia mpaka barabarani, akawaeleza kila kitu: magadi, kopo, benchi. Amerudi akanieleza jibu la mzee wakati mimi nakula. Mzee alisema anamwamini, na uso wa binti hauna neno, mtu huungua. Lakini wajukuu wake watahitaji mjomba. Siku ya kutahiriwa watapelekwa kwa mjomba, watasimama mbele yake, wataamini atakachowaambia. Akasema leo wamemwona mjomba huyo, na wameshiba.

Sellah hakulia. Amekigeuza kioo kikaangalia ukuta. Mimi nimeumia sana. Hakuna aliyeniuliza.

Jumapili, 2 Septemba. Kitale.

Wepukhulu amepeleka ng'ombe kwa kina Rispah. Juzi! Watu hawana haya. Zachary ameomba uhamisho, ati Kisumu. Mama ametuma neno kwamba nisije nyumbani mpaka aniite. Amechoka tu, atatulia. Sellah huenda kanisani na leso imefungwa mpaka chini ya jicho, hukaa benchi la nyuma, na hutoka kabla ya baraka.

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa si magadi. Kosa ni kwamba yalikuwa mengi, na salfa ilikuwa kidogo. Pia, tukisema kweli, shavu lile si baya. Limekuwa jeupe kuliko lile lingine, na kuna watu mjini wanaolipa kwa weupe kama huo. Kinachoshtua wageni ni kwamba mashavu hayafanani.

Leo Kibiwott alipotoka kwenda kunywa chai nimechota kijiko kingine, kidogo tu. Kopo limepata joto taratibu, vizuri. Nitakwenda Misikhu Jumapili ijayo bila kungoja kuitwa, nimpate kabla hajatoka kanisani. Nikimwomba vizuri atakaa.

Shavu la kulia bado ni zima. Nitaanza na hilo.