Ombi la Kufunguliwa Uzi wa Friji Langu

Kwa Ndugu Msimamizi wa Jukwaa la Vifaa vya Nyumbani,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na hicho kidole chako chepesi cha kufungia nyuzi za watu. Mimi ndiye yule mpiga chapa mstaafu mnayemwita Babu Mngurumo. Nilianzisha uzi wa mazungumzo wenye swali moja tu: kwa nini friji langu linanguruma? Uzi ule ukaishi wiki tatu, ukanawiri, halafu Jumanne ukaupiga kufuli na kuandika juu yake, "Limetatuliwa." Nimeumia, na sioni sababu ya kukuficha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Uzi mzuri hauna haraka. Wangu ulikuwa na watu. Bwana Waya alisema ni mota, Shemeji wa Wote akasema ni gesi, wakabishana mpaka wakafika kwenye habari ya nani alimuuzia nani jiko bovu. Mpita Njia hajawahi hata kumiliki friji, lakini kila asubuhi alikuja kutukumbusha kuwa mafriji ya zamani yalikuwa na adabu. Na kila mmoja alianza kwa salamu. Tangu mke wangu afariki, hakuna mahali pengine ninapoulizwa nimeamkaje.

2. Ndipo akaja huyo Mama Bisibisi, mgeni kabisa jukwaani, bila hodi. Akaandika: "Mzee, friji linagusa ukuta. Livute mbele kidogo." Basi. Hakumtukana mtu, hakugusia ukoo wa mtu, hakuuliza hata friji lina umri gani. Watu wazima tumelumbana wiki tatu, yeye anatumaliza kwa sentensi mbili kama anayefukuza kuku jikoni.

3. Wewe, badala ya kumwonya, ukampa nyota ya jibu bora. Wenzangu wakatawanyika. Bwana Waya sasa yuko kwenye uzi wa pasi, na nimemwona huko akicheka. Mimi pasi yangu ni nzima, sina pa kuingilia.

4. Ubaya zaidi, ugonjwa unaenea. Juzi mtu kauliza habari za feni, akajibiwa kabla hatujavuta viti. Tukiendelea hivi, watu watakuja jukwaani, watapata walichokitaka, watashukuru na kwenda zao. Jukwaa litabaki na nani?

Kwa hiyo naomba kanuni zirekebishwe. Anayejua jibu akae kimya angalau wiki mbili, ajifunze kwa wasiojua. Jibu sahihi lisitolewe kabla majibu yote mabovu hayajapata nafasi yao, maana haraka haraka haina baraka. Mtu akirudia kujibu kwa usahihi apewe onyo, na akishupaa afungiwe akaunti, awe Mama Bisibisi au awe nani. Na uzi wangu ufunguliwe. Kama friji limewachosha, tutazungumza lolote, hata kusalimiana tu kunatosha.

Nisalimie wasimamizi wenzako wote, na mkeo ambaye nadhani naye unamjibu kwa mkato. Msalimie pia Shemeji wa Wote ukimwona kwenye nyuzi za wengine.

Mimi mwanachama wako mtiifu, mwenye mengi bado ya kusema,

Babu Mngurumo

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, kuna ujumbe umeingia kwenye kisanduku changu cha faragha. Ni Mama Bisibisi. Anasema: "Shikamoo mzee. Mlio umekwisha? Hukurudi kutuambia, nikapata wasiwasi." Bwana Waya hajauliza. Shemeji wa Wote hajauliza. Wiki tatu tulikaa pamoja, na aliyekumbuka kuwa kuna mtu mwenye friji ni yeye aliyeandika sentensi mbili. Tafadhali uuache uzi umefungwa hivyo hivyo, na zile adhabu zote uzifute, nyota yake usiiguse. Friji lilinyamaza siku ileile nilipolivuta. Lakini yeye usimwambie. Nimemjibu kwamba bado linanguruma kidogo, upande wa kushoto.