Fomu ya Kufunua Shuka

Damu ilikuwa inavuja kinenani mwa fundi bomba wa kitanda cha tatu, na jambo hilo lilikuwa limepigwa marufuku tangu Jumatatu.

Marufuku yenyewe ilibandikwa mlangoni mwa wodi ya moyo, ikiwa na mihuri miwili na saini ya Mkurugenzi: "Wafanyakazi wote mnatangaziwa kwa furaha kwamba kuanzia leo saa mbili kamili asubuhi, hospitali hii haina tena tatizo lolote la mishipa ya damu kwa wagonjwa waliopitishiwa mrija wa moyo. Ushirikiano wenu unategemewa."

Kazi ya mrija ni hivi. Mtu akizibika mshipa wa moyo, siku hizi hapasuliwi kifua. Daktari anatoboa tundu dogo kwenye mshipa mkubwa wa kinenani, anaingiza mrija mwembamba, anaupandisha mpaka moyoni, anazibua, anautoa. Kinachobaki ni tundu. Likiziba vizuri, mgonjwa analala chali saa sita, mguu umenyooka, kesho yake anakwenda zake. Lisipoziba, damu inajimwaga chini ya ngozi na kinena kinaumuka kama unga uliotiwa hamira. Hapo dawa ya kwanza ni dole la mtu, likandamize bila kuachia mpaka damu ikubali kusimama.

Katika wodi ile dole hilo lilikuwa la muuguzi mmoja, mama wa miaka hamsini na minane, mfupi, mabega kama mlango. Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya mishahara tu. Wote walimwita Dole. Alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na mumewe alikuwa akimwambia kila asubuhi, "Mama watoto, miezi hii nenda kimyakimya. Mdomo mfukoni, mikono mfukoni."

Sasa ule waraka haukuanguka kutoka mbinguni. Mwaka uliopita hospitali ilipata uvimbe thelathini na mmoja, na wizara ikauliza kulikoni. Mkurugenzi akaunda kamati, yeye mwenyewe akiwa mwenyekiti. Kamati ikakaa siku mbili hotelini, ikapitia uvimbe mmoja baada ya mwingine, ikagundua jambo ambalo madaktari hawakuliona miaka yote: kila uvimbe ulionekana baada ya muuguzi kufunua shuka. Hakuna hata mmoja ulioonekana shuka likiwa limefunikwa. Chanzo kikawa kimepatikana. Ikachapishwa Fomu ya Kufunua Shuka, saini tatu, nakala tatu. Na ili taarifa ya mwaka isichelewe, fomu za hali ya mgonjwa zikajazwa kabisa mpaka Desemba. Kwenye nafasi ya uvimbe: hakuna.

Dole alikuwa amemkandamiza fundi bomba dakika ya nane wakati Katibu wa Kamati alipoingia. Katibu alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni.

"Sista, unafanya nini hapo?"

"Nambana fundi."

"Unambana nini?"

"Uvimbe."

Katibu akafumba macho kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Hilo neno limeondolewa."

"Na damu imepewa nakala?"

"Fomu iko wapi?"

"Ile pale mezani. Ijaze wewe, mimi mikono yangu ina kazi."

"Fomu hujazwa kabla ya kufunua. Ulijuaje kuna kitu kabla hujafunua?"

"Shuka lilikuwa jekundu, kaka."

"Rangi ya shuka ni suala la madobi," akasema Katibu.

Fundi bomba, akiwa chali, akamtazama. "Mkubwa, nimefunga mabomba miaka ishirini na miwili. Bomba likipasuka tunalishika kwanza, halafu ndiyo tunaulizana. Ungekuwa kwangu ningekutuma soda, mbali, mpaka kazi iishe."

"Mgonjwa hana nafasi ya kuchangia katika utaratibu huu."

"Nafasi sina? Mguu ni wangu huu!"

"Fundi, usicheke," Dole akasema. "Ukicheka inatoka."

Baada ya dakika ishirini na tano damu ikasimama. Fundi akapona, Dole akapata barua ya onyo, ya pili wiki ile. Kosa: kuanzisha uvimbe kwa njia ya kufunua shuka. Barua ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa, na kiinua mgongo kingekwenda nayo. Ili asije akaanzisha mwingine, wakamtoa wodini wakampeleka upande wa vyumba binafsi, abebe sinia za chai. Akabeba. Mdomo mfukoni, mikono kwenye sinia.

Siku tatu wodi ikawa shwari. Mashuka yalinyooka mpaka mtu angeweza kuyapigia pasi juu ya mgonjwa. Wizara ikafurahi, ikasema itamtuma mkaguzi alete Cheti cha Hospitali Isiyo na Tatizo, Alhamisi ya wiki iliyofuata, alasiri.

Alhamisi asubuhi Mkurugenzi alikuwa akipanda ngazi huku akifanyia mazoezi hotuba ya kupokea cheti. Alipofika kwenye maneno "kwa moyo mkunjufu," kifua kikambana, akakaa chini. Daktari wa moyo akampitishia mrija, akamzibua, kazi safi kabisa, akalazwa upande wa vyumba binafsi.

"Mheshimiwa, saa sita chali. Mguu usikunje hata kidogo."

"Nimekusikia," akasema Mkurugenzi, kwa ile sauti anayotumia kwenye vikao akiwa hajasikia.

Saa ya tatu kati ya zile sita akaketi kitandani, kwa sababu tai haifungiki vizuri mtu akiwa amelala, na mkaguzi alikuwa njiani. Akakunja mguu. Akahisi joto. Kwanza akadhani amejikojolea, akaona aibu, akaendelea kufunga tai. Kisha akapeleka mkono, akauona umelowa damu, akabonyeza kengele kwa nguvu zote. Akaja Katibu.

"Linavuja!" akasema Mkurugenzi.

"Haiwezekani, Mheshimiwa." Katibu akafungua faili, akamwonyesha. "Fomu yako hii hapa. Uvimbe: hakuna."

"Mimi nahisi!"

"Aya ya nne: anachohisi mgonjwa si ushahidi. Uliandika mwenyewe, tukapiga makofi."

"Basi funua uone!"

"Bila saini ya mwenyekiti?"

"Si mwenyekiti ndiye mimi!"

"Hapo ndipo penye ugumu. Mwenyekiti hasaini jambo linalomhusu mwenyewe. Aya ya tisa." Katibu akaona fahari kidogo. Waraka ulikuwa unafanya kazi.

Dole alikuwa anapita na sinia. Akasikia, akachungulia. Uso wa Mkurugenzi ulikuwa rangi ya majivu, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Dole akaifikiria ile miezi kumi na minne kwa muda wa kuweka sinia chini, basi. Akaingia, akamsukuma Katibu aliyekuwa amesimama njiani mpaka akaanguka kifudifudi kwenye kochi, akamlaza Mkurugenzi chali, akafunua shuka, akaweka dole juu kidogo ya tundu, akaulaza mwili wote hapo.

"Nyoosha mguu, baba. Usijikaze. Katibu! Inuka ukamwite dokta."

"Nimwambie nini? Maana lile neno..."

"Mwambie lolote, lakini kimbia!"

Katibu akafika mlangoni, akagongana na mkaguzi. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, ameshika cheti kikiwa ndani ya fremu, nyuma yake mpiga picha. Alichokiona ni Mkurugenzi amevaa gauni la hospitali na tai, na mama wa chai amempanda.

"Mkurugenzi," akasema mkaguzi taratibu, "huyu anafanya nini?"

Mkurugenzi akaitazama ile fremu. Ilikuwa fremu nzuri, ya dhahabu pembeni.

"Hafanyi kitu, mama. Karibu sana."

"Kama sifanyi kitu, niondoke?" Dole akauliza, wala dole halikusogea.

"Usithubutu!"

"Kama hakuna kitu," mkaguzi akauliza, "ameshika nini?"

"Ni... ni huduma kwa wateja. Tunamshika mteja. Awe karibu na hospitali."

"Kinenani?"

"Mheshimiwa," Dole akasema, "mama wa watu amekuuliza. Mimi bega linaniuma, na barua zangu mbili zinanitia mawazo. Mtu mwenye mawazo habani vizuri."

"Zimefutwa!"

"Kwa maandishi."

Ilikuwa mara ya kwanza Katibu kuonekana akitoa kalamu bila kutaja aya. Mkurugenzi akasaini akiwa chali, hotuba yake ndiyo karatasi. Lakini mkaguzi alikuwa bado amesimama na swali lake.

"Nasubiri, Mkurugenzi. Niandike nini?"

Mkurugenzi akaona kidoa cheusi kikielea mbele ya macho yake, kisha viwili.

"Uvimbe!" akapiga kelele, wakasikia mpaka dobini. "Ni uvimbe, mama! Andika uvimbe! Mwite dokta!"

Dokta akaja mbio, damu ya kuongezwa ikaletwa. Mkaguzi akavua kifuniko cha kalamu.

"Yupo mwingine?"

Katibu akaficha faili nyuma ya mgongo.

"Mama, mimi hapa sitoki," Dole akasema. "Nenda wodini ufunue mwenyewe."

Mkaguzi akaenda, akafunua kitanda hadi kitanda, bila fomu, mpiga picha akifuata nyuma na kazi aliyokuwa hajaitarajia. Vitanda kumi na viwili, uvimbe minne. Akaondoka zake na cheti chake kwapani. Katibu akamkimbilia hadi getini kuuliza kama fremu inaweza kubaki, kwa kuwa ilinunuliwa na hospitali.

Gharama ikawa hivi. Mkurugenzi: chupa tatu za damu, siku kumi na moja kitandani, na kiti, maana aliporudi ofisini alimkuta mtu mwingine amekikalia. Dole: dakika arobaini akikandamiza, na bega la kulia ambalo mpaka leo haliruhusu mkono kupanda juu ya sikio. Hospitali: fomu elfu nne, zilizochapwa pande zote mbili, hazifai hata kufungia karanga. Na mama wa kitanda cha saba, mpishi wa shule, aliyelala siku mbili analalamika mguu umekufa ganzi, chini ya shuka lililonyooka vizuri, kwa sababu saini zilipatikana mbili na ya tatu ilikuwa likizo: upasuaji mmoja, wiki sita bila kukanyaga chini, na vidole viwili vya mguu wa kulia vilivyokatwa.