Swali la Ngazi ya Nne

Ninayo furaha kutangaza kwamba maswali yote ya darasani katika eneo letu sasa yamepangwa katika ngazi sita. "Nini" na "ngapi" ni ngazi ya kwanza. Mwanafunzi yeyote anaruhusiwa. "Kwa nini" na "mbona" ni ngazi ya nne. Yanahitaji fomu, mihuri miwili na siku kumi na nne za kazi. Bila utaratibu huo, watoto wangeuliza ovyo.

Kisha nikapata habari kwamba Mwalimu Kwamboka, wa shule moja karibu na Nyansiongo, anafundisha kuhusu vipepeo bila fomu. Watoto wa gredi ya nne wanamuuliza "kwa nini" kutwa nzima, naye anawajibu! Nikatia barua ya kumsimamisha kazi kwenye bahasha, nikamwita dereva wangu, Makori, tukaondoka.

Nilimkuta amezungukwa na watoto. Mezani palikuwa na chupa zenye vifuko vya viwavi waliookotwa kwenye sukuma wiki.

"Karibu, Bwana Ofisa," alisema. Alipoiona bahasha, aliweka mezani chupa aliyokuwa ameishika. Mwalimu huyu ana watoto watatu, lakini sheria haina watoto.

Kabla sijaifungua, kifuko kimoja kilipasuka. Kipepeo mweupe akajikokota nje, amekunjamana kama shati lililolaliwa, akaning'inia tu.

"Mbona haruki?" nikauliza.

Msichana mmoja, Mokeira, akaziba mdomo.

"Bwana Ofisa," akanong'ona, "hiyo ni ngazi ya nne."

"Mjibu mgeni," Kwamboka akasema.

"Mabawa bado ni laini, tata," Mokeira akaniambia kwa upole, kama anavyomwita baba yake. "Ukimharakisha, ataharibika."

Nikapiga magoti. Nusu saa nzima. Makori alipiga honi mara mbili, sikuinuka. Kipepeo aliporuka hadi dirishani, nilipiga makofi kabla ya watoto.

Lakini utaratibu ni utaratibu. Fomu ya ukaguzi niliyompa ilimtaka mwalimu aandike kila swali la ngazi ya nne lililoulizwa wakati wa ukaguzi bila kibali, na jina la aliyeuliza. Kwamboka akaandika moja tu, kwa mwandiko mzuri: Abner Nyasani, Ofisa wa Ubora wa Maswali.

Wiki iliyofuata nilipokea barua ya kusimamishwa kazi. Ilikuwa na Kiswahili fasaha sana; niliitunga mimi mwenyewe, wakubwa wangu walifuta tu jina la Kwamboka wakaweka langu.

Alhamisi, kwa kuwa sikuwa na ofisi, nikapanda bodaboda hadi Nyansiongo. Hakuna aliyesimama kunisalimu. Mokeira alisogea kwenye benchi bila kuniangalia.

"Kaa upesi, tata. Mwingine anatoka."