Nani Atashika Antena

Jumapili, 3 Machi

Habari kubwa! Televisheni imetangaza itarudia ule mchezo wa zamani wa mwendesha lifti. Sehemu nne, kesho mpaka Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Miaka arobaini nimeungoja!

Nieleze, maana daftari hili ni jipya na halijui kitu. Mwendesha lifti wa jengo refu anagundua kwamba ukibonyeza vitufe viwili pamoja, lifti haiendi ghorofani. Inaenda miakani. Jana, juzi, karne ijayo, unashukia popote. Sehemu tatu za kwanza niliziona. Siku ya sehemu ya mwisho upepo ukavuruga picha, nikapanda paani kushika antena. Mke wangu akapaza sauti kutoka ndani: hapo hapo, usisogee! Sikusogea. Sebule ilijaa majirani, na kwenye kiti changu, kando ya mke wangu, aliketi kinyozi wa mtaa wetu. Nikashuka mchezo umekwisha, nikamkuta mke wangu analia. Akaniuliza kama nimeona. Nikasema nimeona yote, kupitia dirishani.

Mdomo huu! Tangu siku ile siwezi kumwuliza mtu mwisho ulikuwaje, wala mke wangu alilia nini. Na mtaa mzima unaniita Mzee Antena. Wageni nawaambia ni kwa sababu ya urefu.

Alhamisi hii nitakaa kwenye kiti changu, kando ya mama watoto, nione mwisho. Nina miaka sabini na nne. Wakingoja arobaini mingine wataurudia peke yao.

Jumatatu, 4 Machi

Sehemu ya kwanza. Lo! Zamani tuliogopa mpaka tukapandisha miguu kitini. Leo mwendesha lifti alipiga chafya, ukuta ukayumba. Watu wa karne ijayo wamevikwa karatasi za kung'aa kama chakula cha kubeba. Tena hiyo karne yao ijayo sisi tumo ndani yake sasa, na sijaona mtu wa kung'aa hapa mtaani.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, muuguzi wa zahanati, alisema angenitafutia mchezo kwenye simu. Nikamwambia mtu hasafiri miaka mia tatu ndani ya kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Akacheka, kisha akanikumbusha goti: ngazi niitazame tu, baba, nisiiguse.

Kinyozi kaja bila kualikwa. Kakaa kwenye kiti changu! Nikakalia ndoo. Akaniuliza mbele ya mke wangu: Bwana Antena, hebu tukumbushe, hivi mwisho wake ulikuwaje? Nikakohoa mpaka nikaletewa maji.

Jumanne, 5 Machi

Upepo. Picha imekatika mara mbili. Nimeona hatari: Alhamisi lazima mtu apande. Nikiuachia upepo uchague, utanichagua mimi, tumezoeana. Dawa ni kuiharibu antena mwenyewe, kwa mpango, na mtu wa kupanda awe tayari. Kinyozi! Ana miaka miwili pungufu ya yangu, na anajisifu mwili bado chuma.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa kinyozi kunyolewa nywele ambazo sina. Nikamsifia miguu. Nikasema sijaona mzee mwenye miguu kama ile, miguu ya kupanda. Wembe ukasimama shingoni kwangu. Akauliza kupanda nini. Nikasema kupanda kwa jumla.

Nadhani hajashtuka. Akili ni nywele, lakini huyu za kwake kazifagia pamoja na za wateja.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa!

Asubuhi nilipanda, nikafungua bolti ya antena, nikaitupa bolti hiyo kwenye kiwanja cha jirani ili pasiwe na mtu wa kusema tuikaze tu. Hapo ndipo penye ufundi. Saa kumi na nusu upepo ukaizungusha antena, picha ikawa chenga tupu. Nikaguna, nikashika goti, nikasema kwa sauti kubwa kwamba hapa anatakiwa mwanamume mwenye miguu.

Kinyozi akatoa cheti mfukoni. Cheti! Chenye muhuri wa zahanati na sahihi ya mkwe wangu: mgonjwa ana kizunguzungu, asipande kitu chochote kirefu kuliko kiti cha kinyozi. Ameandikiwa jana, saa moja baada ya mimi kumsifia miguu.

Mwanangu yuko kazini. Mkwe zamu. Mke wangu akaanza kuvaa viatu apande yeye. Ningefanyaje? Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikapanda. Sauti ikatoka ndani: hapo hapo, usisogee! Nikasimama dakika hamsini, nikitazama tangi la maji la jirani.

Nikashuka. Kinyozi anapenga kamasi. Mke wangu naye analia tena! Akaniuliza kama nimeona. Nikasema yote, kupitia dirishani.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya chai mke wangu alifunga mlango, akaniambia nikae. Akasema kutoka paani huoni hata pazia, na amelijua hilo kwa miaka arobaini. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Alipoona nakaribia kuzeeka, akaamua kuniokoa.

Akanisimulia mwisho. Lifti inaharibika, mlango unataka kujifunga. Mwendesha lifti anauzuia kwa mkono, abiria wote wanatoka salama, kila mtu na mwaka wake. Mke wa mwendesha lifti amesimama nje anamngoja. Akiuachia tu mkono, mlango unajifunga. Basi unajifunga, naye yumo ndani. Mwisho.

Nikamwuliza analilia nini. Akasema hasira! Lifti ile ilikuwa na kigoda, kinaonekana wazi tangu sehemu ya kwanza. Si angekiweka kigoda mlangoni, mjinga yule, atoke na mkewe?

Kesho saa tisa alasiri wanarudia sehemu ya mwisho. Mwanangu ameshanunua bolti mpya na kuikaza. Mke wangu amekung'uta vumbi kiti changu, akakipigapiga, akasema kesho nikae hapa. Hajanipigapigia kiti tangu tuoane.

Usingizi umenipaa. Alilia! Mara mbili! Kwa ajili ya mtu aliyeshika!

Jumamosi, 9 Machi

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono mmoja. Niko paani.

Nilikuwa nimeshakaa kitini, na mke wangu yuko kando yangu. Kinyozi akaingia, akatangaza kwamba kizunguzungu kimepona, na leo picha ikikatika atapanda yeye. Mke wangu akamwambia ana roho nzuri.

Roho nzuri! Huyu ashike antena yangu, halafu aliliwe yeye? Nikatoka kama naenda msalani. Ngazi, spana, dakika tatu. Bolti iko mfukoni mwa shati, inanigonga gonga kifuani. Nimeshika kwa mkono wangu mwenyewe, na picha bila shaka ni safi kama maji.

Sasa hivi mke wangu ametoka nje. Amesema nishuke. Amesema kiti kitupu. Amesema mengine kuhusu kigoda ambayo upepo umeyachukua.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, naona kila kitu.

Amejifunika uso kwa kanga. Nadhani ameanza kulia.