Hotuba ya Uzinduzi wa Imeji, Usome Kabla Hujaacha Kazi

Mwanangu, kifungua mimba wangu, salamu nyingi. Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, goti limetulia, ila hataki kukubali kwamba ni dawa, anasema limechoka kuuma lenyewe. Bibi yako hajambo, anauliza kama huko unakula au unaangalia kompyuta tu. Mjomba wako seremala hajambo, na mlango wetu bado hajautengeneza. Mdogo wako na mumewe hawajambo, pacha wao wameanza kutambaa, kila mmoja anaelekea kwake. Shangazi yako hajambo, amenuna lakini si kwa ajili yako. Jirani mshonaji anakusalimu sana.

Sasa, mama, uliniambia kwamba Ijumaa unapeleka barua ya kuacha kazi, urudi kutengeneza imeji ya kompyuta za ofisi zote za mji wetu, kama Mkurugenzi wetu wa mji alivyokuahidi kwenye simu. Moyo wangu haukutulia. Jana aliuzindua huo mradi ukumbini, nikaenda, nikakaa safu ya tatu. Jirani alirekodi. Kukurushia rekodi kumeshindikana, ni ndefu mno, kwa hiyo nimekaa naisikiliza na kuandika neno kwa neno, naye atazipiga picha kurasa hizi akutumie. Yaliyo kwenye mabano ni yangu. Alisema hivi:

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na ambaye kiti chake tunakiheshimu. Mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo, na wote wanaokaimu nafasi za wasaidizi hao. Viongozi wa dini, walimu wakuu, wazee wetu, akina mama, vijana, fundi wa vipaza sauti, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Fundi wa vipaza sauti alisimama akapunga mkono.)

Ndugu zangu, kwa kuwa dunia imebadilika, na kwa kuwa mimi binafsi nilikuwa wa kwanza kuliona hilo, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuzindua rasmi Programu Jumuishi ya Imeji Maalumu za Usakinishaji wa Mifumo Endeshi, Awamu ya Kwanza, Kipengele A. (Watu waliangaliana.) Mtaniuliza, Mkurugenzi, imeji ni nini? Zamani fundi alikaa na kompyuta moja, akaweka mfumo, akaweka programu za kuandikia, akaiunganisha na printa, siku ikaisha, kesho akaanza ya pili. Sasa, chini ya uongozi wangu, tunaiandaa kompyuta moja ikamilike, tunainakili nzima nzima kwenye faili moja, faili tunalitia kwenye flashi, na flashi hiyo inazifanya kompyuta mia tatu na kumi na mbili ziwe kama watoto wa tumbo moja. (Makofi. Hapo alisema vizuri, lakini maneno ni yako, ndivyo ulivyonieleza mimi tukichambua maharage.)

Aidha, ziko apdeti, yaani maboresho ya mfumo, ambazo wanaozitengeneza huzitoa mapema, zinaitwa za priviu, ili wenye kuthubutu wazijaribu kabla hazijakomaa. Wataalamu waoga wanashauri zijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja ya pembeni, zikileta ubishi ziondolewe, na kwenye imeji ziingie zilizokomaa tu. Mimi nimekataa. Kwa nini wananchi wangu wasubiri? Nimeelekeza apdeti zote za priviu ziingizwe kwenye imeji moja kwa moja, kwa kompyuta zote, siku moja, saa moja, kuanzia hospitali. (Muuguzi mkuu aliinamisha kichwa. Mtu wa nyuma akauliza, zikizima je?) Swali nimelisikia. Zikizima zitazima kwa pamoja, na huo ndio mshikamano tunaoutafuta. (Kicheko. Yeye alidhani anashangiliwa, akasubiri kiishe.)

Takwimu hazidanganyi. Utekelezaji umefikia asilimia tisini na nne nukta tatu. Tangu mradi uanze hakuna kompyuta hata moja iliyogoma, hakuna mtumiaji hata mmoja aliyelalamika, na hakuna apdeti iliyotushinda. Nitajieni ofisi nyingine duniani yenye rekodi hiyo. (Mwalimu mkuu akasema polepole, hakuna.) Nami sijisifu, ninajiripoti tu. Masanduku haya hapa mbele, yaliyofunikwa kitambaa cha bluu, ndiyo maono yangu yenyewe. (Mzee mmoja aliegemea sanduku, likabonyea.) Maono yasiegemewe, tafadhali.

Nikisema Imeji Moja, mseme Mfumo Mmoja. Imeji Moja! (Mfumo Mmoja, walisema safu ya mbele.) Nikisema Priviu, mseme Mbele kwa Mbele. Priviu! (Hapo kila mtu alisema lake.)

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru watu wa ununuzi, ambao kompyuta hizo mia tatu na kumi na mbili wataanza kuzifikiria. Nawashukuru watu wa mipango, walioniahidi kwamba mwakani wataketi kuandika barua ya kuuombea mradi huu kibali. Namshukuru mwenye duka aliyetuazima masanduku matupu, anayataka leo kabla ya saa kumi. Namshukuru katibu wangu kwa flashi hii niliyoishika, ni yake, ina picha za harusi. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wetu, binti wa mji huu, ambaye anaacha kazi yake ya mbali kuja kujitolea bila mkataba, wakati nafasi yake ikisubiri kuanzishwa. Asanteni kwa kunisikiliza. (Makofi marefu. Mimi sikupiga.)

Mwanangu, nilimfuata mpaka mlangoni. Nikamsalimu kwa heshima, nikamwambia mimi ndiye mama wa huyo binti, nataka kujua atakapokuja atakaa meza gani. Akanishika bega, akasema, "Mama, meza iko Awamu ya Pili."

Baba yako anasema uje tu, kwenu ni kwenu. Mimi ninakutaka kuliko yeye, mama, sahani yako mpaka leo naishusha kabatini bila kufikiri. Ukirudi nitafurahi wiki mbili. Ya tatu nitakukuta umekaa unatazama ukuta, nami nitajua ni furaha yangu iliyokuleta. Njoo likizo, ulale, ule, urudi kazini kwako.

Hiyo barua usiipeleke. Na kama umeshaipeleka, nenda kaichukue, mwambie bosi wako mama yako amekataa. Kisha nijibu upesi, leo hii, hata neno moja tu.