Hatua Tatu za Kuitazama Nyumba

Mamlaka ya Utazamaji wa Nyumba inayo furaha kuutangazia umma wa Perth kwamba tatizo la kutazama nyumba za kupanga limekwisha. Kilichobaki ni nyumba zenyewe, na hizo si kazi yetu.

Nasema "yetu" kwa sababu mimi ni mtumishi wa Mamlaka. Cheo changu ni Afisa Kitasa. Nafungua mlango, nagawa soksi za plastiki ili viatu visichafue zulia, na muda ukiisha napuliza filimbi. Mkurugenzi wetu, Bwana Desmond Prowse, huwaambia wageni kwamba bila kitasa hakuna sera.

Wenye kumbukumbu wanajua zamani ilikuwaje. Jumamosi asubuhi nusu ya mtaa imejazana mbele ya nyumba moja, huyu kabeba mtoto, yule kabeba keki ya kumlainisha dalali. Dalali anakuja kachelewa, miwani ya jua kaipachika utosini, anafungua, watu wanapita vyumbani mbio kama wanaokimbia mvua, anafunga. Na madalali hawana mchezo: ambaye hakuingia ndani haruhusiwi kuiomba nyumba. Ukikwama kwenye foleni ya magari, imekula kwako. Ukipiga simu kuomba siku nyingine, unapigiwa muziki mpaka unaanza kuupenda.

Mamlaka ilikomesha fujo hiyo. Siku hizi nyumba inatazamwa kwa hatua tatu. Hatua ya Awali, mtazamaji anasimama ng'ambo ya barabara na kuitazama nyumba kwa heshima. Hatua ya Kati, anavuka barabara na kuutazama mlango. Hatua Kamili, anaingia. Kati ya hatua na hatua anarudi makao makuu kuomba kibali kipya, asije akakurupuka. Kwa kawaida nyumba inakuwa imeshapata mpangaji kabla mtu hajavuka barabara. Hayo tunayahesabu kuwa mafanikio, maana msongamano mlangoni umekwisha kabisa.

Makao makuu yetu yalikuwa Maylands, kwenye nyumba ya matofali mekundu yenye baraza. Tuliipanga kwa Bibi Despina, mama wa Kigiriki anayekaa nyumba ya jirani, na ambaye humwagilia mizeituni yake huku akitusikiliza. Waombaji wa vibali hawakuruhusiwa kukanyaga majani yetu. Walisubiri ng'ambo ya barabara, chini ya mkalitusi. Juu ya mkalitusi huo amejenga kiota ndege mmoja mweusi mwenye mabega meupe, na majira ya kuchipua yakifika huwa anashuka kama jiwe na kudonoa vichwa vya watu. Malalamiko yalikuja. Mkurugenzi akaunda kikosi kazi, na kikosi kazi kikaona kwamba ndege ni mdau. Basi waombaji wakawa wanakuja na makopo ya aiskrimu kichwani, yamechorwa macho kwa nyuma ili ndege adhani anaangaliwa.

Rhonda Kelleher nilimjulia hapo. Kopo lake lilikuwa la vanila, na jicho moja kati ya yale ya kisogoni alikuwa amelichora linakonyeza.

Rhonda ni mpishi wa kantini ya shule. Nyumba aliyokuwa akikaa na baba yake, Mzee Clarrie, iliuzwa, na wakati huohuo mzee akaanguka akavunjika nyonga. Sasa nyonga imeunga, mzee anatembea kwa mkongojo na kubishana na wauguzi habari za kriketi, dalili kwamba amepona. Lakini hospitali haimtoi mpaka iambiwe anakwenda wapi. Rhonda mwenyewe alikuwa analala kwenye gari lake kando ya mto, na gari si jibu ambalo hospitali inalikubali. Walikuwa wamemwambia wazi: ikifika Ijumaa hana pa kumpeleka, mzee anapelekwa kituo cha wazee cha Kalgoorlie, kutwa nzima barabarani.

"Binti," aliniambia asubuhi moja, "ile nyumba ya Bassendean nimeitazama kwa mbali mpaka nayajua mabati yake. Nipe kibali nivuke."

"Ile imeshapata mtu, mama."

"Saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaitazama."

"Acha utani! Nilikuwa pale, sikumwona mtu akiingia!"

"Hakuingia mtu. Shemeji yake dalali alitumiwa picha."

Rhonda alilivua kopo, akaniangalia vizuri. "Kwa hiyo mimi nilisimama pale namlindia shemeji wa mtu nyumba?"

Nikamfahamisha kwamba kwa mujibu wa takwimu zetu yeye ni mtazamaji aliyehudumiwa.

Nyumba ya Bayswater, muda wake wa kutazamwa uliwahishwa kwa faida ya watazamaji, na taarifa ikatumwa baada ya watazamaji kushindwa kutokea. Ya Morley ndiyo iliyouma. Pale Rhonda alifika Hatua Kamili, wa kwanza tangu Mamlaka ianze, na Mkurugenzi mwenyewe alikuja kushuhudia. Kufika mlangoni, soksi za plastiki zimesahauliwa makao makuu. Rhonda akavua viatu akabaki pekupeku. Huu ni mji ambao watu wanaingia dukani pekupeku kununua maziwa, na hakuna anayegeuka.

"Samahani," Mkurugenzi akamzuia. "Mguu mtupu haujatajwa kwenye kanuni."

"Kaka, ni mguu tu. Nimeuosha."

"Sina shaka na mguu wako. Nina shaka na utaratibu."

"Basi nitaingia kwa magoti!"

"Magoti nayo hayajatajwa."

Waliendelea hivyo mpaka muda ukaisha. Nilipuliza filimbi. Ndiyo kazi. Rhonda alikaa kwenye ngazi za nyumba ile, akavaa kiatu kimoja, akakaa hivyo kitambo kabla ya kuvaa cha pili.

Katika kipindi hicho Bibi Despina naye alikuwa anakuja kila mara, glavu za bustani mkononi.

"Kijana," alimwambia Mkurugenzi, ambaye ana mvi, "mkataba wenu wa nyumba yangu umekwisha zamani. Utasaini au husaini?"

"Mama, natamani sana. Lakini kanuni yangu inasema hakuna mtu Perth atakayesaini kupanga nyumba ambayo hajaitazama kwa hatua zote tatu. Hata mimi. Hasa mimi."

"Si unakaa humu kila siku?"

"Nakaa. Kutazama ni jambo jingine. Nimeshaomba kibali kwangu mwenyewe, na suala langu liko mezani kwangu linashughulikiwa."

Bibi Despina alisema neno la Kigiriki, akarudi kwenye mizeituni.

Ikawadia sherehe ya Mamlaka kutimiza mwaka. Waziri angekuja na wapiga picha. Mkurugenzi akaamua kwamba Waziri hawezi kukanyaga zulia kuukuu, hivyo Alhamisi asubuhi mafundi waliondoa kila kitu ofisini na kukipanga mbele ya nyumba, kwenye majani yaliyo kando ya barabara: meza, viti, makabati, mashine ya kahawa, hata kibao chenye jina la Mamlaka. Kisha wakalikunja zulia kuukuu, wakagundua lile jipya wamelisahau ghalani, wakaenda kulifuata. Njiani kulikuwa na watu wanachoma soseji kuchangia klabu ya kuogelea, kwa hiyo hawakurudi upesi.

Bwana Prowse anakaa Cottesloe, karibu na bahari. Ratiba ya manispaa ya kwetu hakuijua. Wiki ile Maylands ilikuwa Wiki ya Kutoa Vikorokoro.

Wiki hiyo ikifika, kila nyumba inatoa nje isichokitaka, na manispaa inakuja kuzoa. Lakini kabla ya manispaa wanapita watu. Kochi likishakaa kwenye majani ya kando ya barabara, halina mwenyewe. Anayelipenda anapakia kwenye tela lake na kwenda zake, na hata aliyelitoa atamsaidia kunyanyua.

Mkurugenzi alinipa agizo kabla ya kwenda kumpokea Waziri. "Afisa Kitasa, usiondoke mlangoni hata kukitokea nini. Mlango uwe wazi, na kila atakayekuja mpe soksi."

Tela la kwanza lilisimama gari la Mkurugenzi halijapotea hata kwenye kona.

"Dada, kiti hiki kina kasoro?" aliuliza jamaa mmoja mwenye kaptura.

"Hicho ni cha Mkurugenzi."

"Sawa, lakini kina kasoro?"

"Hapana. Kinazunguka vizuri tu."

"Mungu akubariki." Akakipakia. Mke wake akachukua mashine ya kahawa. Wanafunzi wawili wakaondoka na meza, na suala la Mkurugenzi likaondoka nayo, bado linashughulikiwa. Kibao cha Mamlaka kilichukuliwa na mzee aliyesema kinatosha kabisa kuezekea banda la kuku. Mimi sikuondoka mlangoni.

Sasa fikiria. Nyumba tupu. Mlango wazi. Binti kasimama kizingitini na soksi za plastiki mkononi. Watu watatu wanne wako nje wanaangalia angalia. Mtu wa Perth hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Kabla sijajua, foleni ilikuwa imepita geti la Bibi Despina, na mtu wa tatu kutoka mbele alikuwa kabeba keki.

Rhonda alikuwa ng'ambo, chini ya mkalitusi, amekuja kuomba kibali cha mwisho kabla ya Ijumaa. Akapaza sauti: "Binti! Kuna nini huko?"

"Watu wanatazama nyumba, mama."

"Na mimi nivuke?"

Nililipima agizo langu. "Anayekuja anapewa soksi," nikamjibu. "Mengine sijaagizwa."

Alivuka mbio, ndege yuko nyuma yake. Akashika foleni kama wenzake, na zamu yake ilipofika akavaa soksi na kuingia. Nilimsikia akifungua bomba, akafunga. Akavuta maji ya choo. Akapima upana wa mlango wa bafu kwa mikono yake miwili, ule upana wa mkongojo.

Bibi Despina akachungulia juu ya uzio. "We binti, watu wote hawa wanafanya nini ndani ya nyumba yangu?"

"Wanatazama, bibi."

"Hatimaye!" Akauzungukia uzio na glavu zake. "Haya! Nani anaitaka?"

Wakajibu kwa pamoja. Wawili waliovaa vizuri wakasema wangebomoa jiko wapate nafasi ya hewa, bibi akawapita. Kijana mmoja akasema atalipa zaidi ya kodi anayotaka bibi, bibi akamwambia atulie. Akafika kwa Rhonda, ambaye kopo bado lilikuwa kichwani.

"Wewe na ndoo yako, unataka nini?"

"Mahali pa kumleta baba yangu. Kesho wanampeleka Kalgoorlie."

"Anapenda zeituni, baba yako?"

"Hata harufu yake hataki."

"Vizuri. Hataniibia." Bibi Despina akavua glavu, akampa mkono.

Ufunguo ulikuwa kwangu. Bibi alinyoosha kiganja, nikampa. Naye akampa Rhonda, ambaye alicheka mpaka kopo likamwanguka.

Hapo ndipo gari la Waziri liliposimama. Waziri aliiona foleni. Alipanga mstari, akachukua soksi, akazivaa akiwa amesimama kwa mguu mmoja bila kushika ukuta, kama mtu mwenye watoto wanaotafuta nyumba. Akakuta Rhonda na ufunguo mkononi, machozi yanamtoka. Wapiga picha wakasogea.

"Bwana Prowse," Waziri aliuliza, "huyu amepata nyumba? Leo? Kwa kuitazama?"

Mkurugenzi alikuwa anatafuta kiti chake kwa macho. Alitazama pale meza ilipokuwa, akatazama pale kibao kilipokuwa, akatazama kamera.

"Ndiyo, Mheshimiwa," akasema. "Ndiyo mfumo wetu."

"Hongereni! Mwaka mzima nilikuwa sijasikia hata mmoja." Akamshika Rhonda mkono mara mbili, ya pili kwa ajili ya gazeti, akaondoka.

Gari lilipopotea, Mkurugenzi akapata sauti. "Hii ni ofisi yangu!"

"Mkataba wako uko wapi?" Bibi Despina akamwuliza.

"Mama, nilikueleza..."

"Nami nilisikia. Hakuna anayepanga bila kuitazama. Wewe umeitazama?"

Bwana Prowse ni mtu wa utaratibu, hilo hakuna atakayemnyima. Alinyoosha tai, akavuka barabara, akasimama chini ya mkalitusi, akaanza Hatua ya Awali.

Mzee Clarrie aliletwa kesho yake, Ijumaa, na gari la hospitali. Akapanda baraza na mkongojo wake, akakataa kushikwa, akakaa kwenye kochi ambalo Rhonda alikuwa ameliokota mtaa wa pili, halina kasoro isipokuwa rangi.

"Rhonda," akasema, "yule jamaa wa tai kule ng'ambo anatafuta nini?"

"Anatazama nyumba, Baba. Kaanza tena asubuhi."

"Nyumba gani?"

"Hii."

Mzee akafikiri kidogo. "Mbona ndege anamla kichwa?"

Rhonda akaingia ndani, akatoka na lile kopo la vanila, akanipa mimi nimpelekee. Mkurugenzi alilipokea, akaligeuza geuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kanuni inayoruhusu. Nikamwambia kopo halijatajwa.

Aliendelea kusimama, kopo mkononi, macho kwenye nyumba. Mimi nikaangalia saa yangu, nikapuliza filimbi.