Kiti cha Mkubwa

Jumatatu, 9 Machi

Hatimaye! Madam Zeenat, mwenye kampuni yetu ya kuandaa mikutano, amenipa kazi ya kupanga ukumbi. Mimi, Sifuna! Millicent ni msaidizi wangu, ingawa yeye anasema tumepewa kazi pamoja.

Alhamisi, katika hoteli moja katikati ya jiji, umoja wa visiwa sita vidogo utakutana na jirani yao mkubwa wa ng'ambo ya maji. Wote wako Nairobi kwa mkutano wa hali ya hewa, wakaona wamalizie hapa jambo lao la meli ya hospitali. Nchi kubwa inayo. Visiwa havina. Meli huja ikipenda. Visiwa vinataka ahadi ya maandishi: kila mwezi, bila kubembeleza.

Mimi nina langu. Ubalozi wa nchi kubwa unatafuta afisa wa itifaki. Nikimpendeza kiongozi wa ujumbe wao (humu nitamwita Mkubwa), kazi ni yangu. Nimeizunguka meza ya jikoni mpaka mke wangu Peres akanitoa nje. Huko nje nikapata wazo. Kiti!

Jumanne, 10 Machi

Alfajiri nimetoka Woodley kwa miguu hadi kwa Gurdeep, fundi wa fanicha karibu na Dagoretti Corner. Nikamwambia nataka kiti kinachopita vingine vyote kwa shubiri mbili, mahameli nyekundu, simba kwenye mikono. Akauliza kama ni harusi. Nikasema ni diplomasia. Akauliza hao wengine watakalia nini. Viti vya hoteli, nikasema.

Akakuna ndevu. "Sifuna, wewe unaalika watu ama unawapima?"

Fundi hodari, lakini dunia haijui. Bahati njema, anacho kimoja tayari, cha bwana harusi aliyeghairi kuoa. Ameniazima kwa sharti kirudi kilivyo. Bila shaka!

Millicent alishauri meza ya duara na viti sawa. Nikamwambia hiyo ni mikao ya chama cha akina mama. Akajibu kwamba chama chao kina miaka kumi na minne na hakijavunjika. Wivu tu.

Jumatano, 11 Machi

Kiti kimefika. Hakiingii kwenye lifti. Wanaume wanne, ngazi, ghorofa ya tano, mlinzi akiwaombea. Nimekijaribu. Miguu yangu haikufika chini. Nimekisogeza kushoto, kulia, kushoto tena. Sijala chochote.

Alhamisi, 12 Machi

Balaa!

Mkubwa ni mfupi. Nani angejua? Alipanda kitini akitabasamu, miguu ikaning'inia. Lakini hilo si balaa lenyewe. Wale sita hawakuketi.

Aliyeanza ni mama mmoja mwenye mvi, waziri wa kisiwa kidogo kuliko vyote. Alisimama nyuma ya kiti chake, mikono juu ya egemeo. Nikamwendea, nikamnong'oneza kuwa aketi, karibu mheshimiwa. Hakunong'ona.

"Nilisimama gatini siku tatu na binti yangu mgonjwa, nikingojea hiyo meli. Ilifika siku ya nne. Hatukuihitaji tena. Hata leo naweza kusimama."

Nikatazama zulia. Wenzake watano wakasimama naye. Mkubwa akauliza nani ameleta hiki kiti. Nikaendelea kutazama zulia. Kikao kikaahirishwa hadi kesho.

Madam Zeenat alinipigia simu. Hakufoka. Afadhali angefoka.

Millicent akasema tukitoe tu. Kukitoa! Mkubwa ataona ameshushwa cheo, na kazi yangu itakwenda na maji. Kitabaki, ila kitapunguzwa. Nikaazima msumeno kwa mafundi wa hoteli. Nikakata mguu wa kwanza. Wa pili ukatoka mfupi zaidi. Nikausawazisha wa kwanza, ukazidi. Kufikia saa kumi na moja jioni kiti kilikuwa kimo kimoja na vingine, isipokuwa mguu mmoja wa nyuma. Chini yake nikakunja ratiba ya mkutano mara nane. Nani atajua!

Ijumaa, 13 Machi

Wamejua.

Mkubwa aliketi. Nao wakaketi, nikamkonyeza Millicent. Mkubwa akaanza kusoma hotuba, akafika pale panaposema ushirikiano wetu umesimama imara, akaegemea nyuma. Ratiba ikachomoka. Alikwenda chini na simba wake wawili.

Walinzi wake wakaganda. Wa kwanza kumshika mkono alikuwa yule mama. Mimi nilikuwa karibu, nimeshika kipande cha mahameli, nikasikia alichomwambia.

"Pole, jirani. Huku chini ndiko kwetu."

Mkubwa akamtazama. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, hadi akakohoa. Alipoinuliwa, Millicent alikuwa tayari ameiburuta meza ya chai katikati na kuizungushia viti saba vya kantini. Wakakaa magoti yakigusana. Hotuba haikusomwa tena. Mama akasimulia habari za binti yake, safari hii akiwa ameketi, na Mkubwa hakutazama saa hata mara moja.

Saa saba mchana walitia sahihi. Meli kila mwezi, na ikichelewa, ndege. Mama alisoma kila mstari mara mbili. Akafunga kalamu polepole, akaniomba maji. Nikammiminia glasi mbili, sijui kwa nini.

Ubalozi umeuliza jina la aliyepanga meza ya chai. Millicent anaanza kazi kwao mwezi ujao.

Gurdeep alipokea kiti, akakizunguka mara mbili, akaingia ndani bila kuniaga.

Jumapili, 15 Machi

Nimetafakari sana kanisani. Ni nani hasa aliyewapatanisha? Kama si mimi, wangecheka lini?

Tulipotoka nikakutana na Oduor wa Dagoretti. Bucha ndogo saba za kwao zinataka kushirikiana na kichinjio kikubwa kilicho jirani, ila zinahofia kumezwa. Anatafuta mtu wa kuandaa kikao. Nilikubali kabla hajamaliza!

Siwezi kutulia, tayari nimechora bango. Jina la kichinjio kikubwa litakwenda ukuta mzima, kila herufi yenye kimo cha mbuzi aliyesimama. Zile bucha saba nimezipatia nafasi nzuri tu, chini kabisa, pembeni:

"na wenzake."